Maji ya Goma yanapotelea wapi: kufuata dalili mpaka kwenye tundu

Bomba likipasuka Bukavu, tope hushuka mlimani na kabla ya jioni mtaa mzima umeshajua. Goma bomba linaweza kumwaga maji mwezi mzima na juu pakabaki pakavu. Mji huu umejengwa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo: ile ya zamani, ile ya tarehe 17 Januari 2002 iliyokata katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliyosimama viungani, upande wa Buhene. Mwamba huo umejaa nyufa na matundu. Maji yakitoka bombani hayana haja ya kupanda juu kutafuta njia. Yanazama palepale, na anayepita juu yake hajui kitu.

Kwa hiyo hapa kwetu jicho si kifaa cha kwanza cha kutafutia uvujaji. Cha kwanza ni mita, cha pili ni saa, cha tatu ni sikio. Anayeanza kwa kuchimba atachosha vibarua bure, maana lava haichimbiki kirahisi, na shimo la kubahatisha linaweza kula siku nzima. Nimepanga mambo kwa kufuata dalili kama zinavyoonekana kwa mwenye nyumba anayelipa bili, kwa mama anayeuza maji kwenye robine (koki) ya jumuiya, na kwa kamati au fundi anayesimamia mtandao wa mtaa. Anza kwenye dalili uliyo nayo.

Jambo moja tu kwanza, kwa sababu linachanganya wengi. Maji "yaliyopotea" ni ya aina mbili. Kuna yaliyomwagika kweli: bomba limepasuka, kiungo kimelegea, tangi limefurika. Na kuna yaliyofika kwa mtu, akayanywa, akafulia, lakini hakuna aliyeyaandika wala kuyalipia: mita imechoka, bomba limeunganishwa kwa kificho, hesabu imekosewa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yaliweka jumla ya aina hizo mbili, kwa dunia nzima, kwenye meta za ujazo bilioni 126 kwa mwaka, zenye thamani ya dola bilioni 39. Tiba zake hazifanani hata kidogo. Ukibadilisha mita zote za mtaa wakati tatizo ni bomba lililopasuka, umetumia pesa na maji yanaendelea kwenda zake.

Bili imepanda, matumizi ni yaleyale

Subiri wakati maji yapo bombani. Funga robine zote za ndani na nje, funga valvu ya kuingilia tangini, kisha iangalie mita. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo, chenye umbo la nyota au pembetatu, kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Kikisimama kabisa, mabomba yako ni mazima kwa kadiri mita inavyoweza kuona. Kikizunguka, kuna maji yanayotoka baada ya mita, na hayo ni yako kuyatafuta na kuyalipia.

Hapo ugawe uwanja. Funga valvu ya mlangoni mwa nyumba. Nyota ikisimama, tatizo liko ndani. Ikiendelea, liko kati ya mita na nyumba, mara nyingi pale bomba linapopita chini ya lango la magari au chini ya ukuta uliojengwa baadaye. Ndani ya nyumba mshukiwa wa kawaida ni choo cha kuvuta. Tia kitu chenye rangi kwenye tangi lake la nyuma, hata chai kali inatosha, kisha usikivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini umechakaa.

Lakini Goma, kwa kuwa maji huja kwa saa, karibu kila nyumba yenye uwezo ina tangi, na hilo tangi ndilo ninaloliangalia kabla ya choo. Boya linalofunga maji tangi likijaa huchakaa, hukwama, au hujaa maji lenyewe likazama. Maji huja usiku wa manane, tangi hujaa, boya halifungi, na ziada inatoka kwa bomba la kumwagia mpaka alfajiri. Sasa angalia bomba hilo la ziada linaishia wapi. Katika nyumba nyingi fundi aliliingiza kwenye shimo la lava nyuma ya ukuta ili lisilowanishe uwanja. Shimo hilo halijai kamwe. Hakuna mlio, hakuna dimbwi, hakuna jirani wa kulalamika, na mita inaandika kila lita.

Kulijua hilo si kazi: maji yanapokuja usiku, shika bomba la ziada kwa mkono. Likiwa la baridi na linatetemeka kidogo, maji yanapita. Badilisha boya, halafu likate bomba la ziada na ulitoe mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataona likimwaga, juu ya karo la kufulia kwa mfano. Naliona hili kuwa tengenezo la bei ndogo na faida kubwa kuliko yote mwenye nyumba anayoweza kufanya katika mji huu.

Tangi la saruji lililo chini ya ardhi lina kipimo chake. Lijaze, funga kuingia na kutoka, piga alama ya chaki kwenye usawa wa maji jioni, rudi asubuhi. Tangi la meta 2 kwa meta 1.5 likishuka sentimita 4, umepoteza lita 120, bidoni 6 za lita 20 kwa usiku mmoja. Matangi mengi ya saruji yalipata nyufa wakati wa mitetemeko iliyofuata mlipuko wa Mei 2021, na wenyewe hawakuyapima tena.

Mita inazunguka kabla maji hayajafika

Umesikia robine ikipuliza upepo, "fuuu", kisha maji yanarukaruka, kisha yanatulia. Upepo huo ni hewa iliyoingia mabombani wakati maji yalipokatika, na mita za kawaida haziwezi kuutofautisha na maji: zinazunguka, tena kwa kasi. Ukitaka kujua umelipia hewa kiasi gani, andika namba ya mita kabla maji hayajaja na uandike tena mara tu upepo unapokwisha. Fanya hivyo kwa wiki moja, kila maji yanapokuja. Tarakimu ndogo zikijikusanya kuwa kubwa, una hoja ya kupeleka kwenye ofisi ya maji, tena yenye maandishi.

Dawa yake haiko nyumbani kwako. Iko kwenye valvu za kutolea hewa, ambazo hupaswa kukaa sehemu za juu za bomba kuu. Nyingi zimezibwa na mchanga au zimefukiwa chini ya barabara mpya. Kwa upande wako, usiache robine wazi kusubiri maji, maana hiyo ndiyo njia ambayo hewa inapitia kwa wingi.

Presha imeshuka

"Fundi, hii maji ilikuwa inapanda mpaka juu, sasa haipandi tena." Mama mmoja wa robine ya jumuiya upande wa Majengo alinieleza hivyo, huku bidoni za njano zikiwa zimepangwa mstari mrefu mpaka barabarani na wenye chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, wakisubiri mizigo.

Swali langu la kwanza lilikuwa: "Mama, ilishuka siku moja, ao ilikuwa inashuka polepole?"

Jibu la swali hilo lina thamani kuliko kifaa chochote. Presha iliyoshuka kwa siku moja ina sababu chache: bomba limepasuka, valvu imefungwa na mtu, au pampu moja imesimama kwa kukosa umeme. Presha iliyoshuka kidogokidogo kwa miezi ina sababu nyingine: nyumba mpya zimeunganishwa kwenye bomba lilelile jembamba, mchanga umejaa, au tundu lililokuwa dogo linakua. Iliyo mbaya asubuhi na jioni tu, nzuri usiku, si uvujaji. Ni watu wengi kwenye bomba dogo.

Swali la pili ni kuhusu majirani: walio juu na walio chini wanapata vipi? Goma inapanda kutoka ziwani kuelekea Nyiragongo. Uso wa Ziwa Kivu uko meta zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yote yanayotoka ziwani husukumwa kupanda. Kila meta 10 za kupanda hula bar 1 ya presha. Ndiyo maana bomba likitoboka kule chini karibu na Himbi, wa kwanza kulia ni watu wa juu, na wa chini wanaweza wasitambue kitu. Anayetafuta tundu pale palipo na kilio anatafuta mahali pasipo.

Fundi mwenye kipimo cha presha, ambacho si ghali na kinafungwa kwenye robine yoyote, anaweza kufanya zaidi ya hapo. Chagua wakati matumizi ni machache. Soma presha kwenye robine A, halafu kwenye robine B iliyo juu yake kwa meta 20. Kama A ina bar 5, B inatakiwa kuwa na bar 3 hivi. Ukikuta bar 1.5 peke yake, kuna bar 1.5 zilizoliwa njiani na msuguano, na msuguano mkubwa maana yake maji mengi yanakimbia ndani ya kipande hicho wakati ambapo hakuna anayeyatumia. Endelea mpaka robine C. Ikiwa kati ya B na C tofauti inalingana na kimo chao, basi huko maji hayakimbii, na tundu liko kati ya A na B. Umepunguza uwanja wa kilomita kuwa wa meta mia chache bila kugusa jembe.

Pampu inafanya kazi kama kawaida, tangi la mtaa halijai

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, na hapa ndipo mitandao yetu inapopoteza maji mengi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwenye mtandao wa maji mchukuzi ni pampu, na yeye hapati nafuu yoyote: kadiri panapovuja ndivyo anavyosukuma saa nyingi zaidi, na kila meta ya ujazo iliyozama kwenye lava ilishasukumwa kutoka ziwani kwa umeme uliolipiwa na kutiwa klorini iliyonunuliwa.

Anza na tangi lenyewe. Lifunge pande zote usiku, pima kina, pima tena baada ya saa kadhaa. Tangi lenye upana wa meta 10 kwa 10 likishuka sentimita 1 tu, meta 1 ya ujazo imetoka, sawa na bidoni 50. Usisahau bomba la ziada la tangi hili pia, na usiamini kuwa valvu imefunga kwa sababu tu mpini umefika mwisho. Valvu za zamani hupitisha maji zikiwa "zimefungwa". Ziwekee sikio, zikizomea hazijafunga.

Tangi likiwa zima, geukia mabomba kwa kipimo cha usiku. Kanuni yake ni nyepesi: kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wamelala, kwa hiyo maji yanayopita kwenye mita ya sekta, yaani ya kipande kimoja cha mtandao, wakati huo ni karibu yote ya uvujaji. Vitabu vya ufundi vinaishia hapo, na hapo ndipo vinapotupoteza sisi. Kwenye sekta nyingi za Goma maji hufika usiku tu, na saa nane za usiku ndizo watu wanajaza matangi na mapipa. Ukisoma mita bila kulijua hilo utalia kwamba bomba limepasuka, kumbe ni mji unaokinga maji yake ya kesho.

Kwa hiyo lazima kwanza uombe watu wafunge. Pitia kwa mkuu wa avenyu na wakuu wa nyumba kumi, siku mbili kabla, waeleze kwamba usiku fulani kila nyumba itafunga valvu yake kwa saa mbili. Watu hukubali wakielezwa sababu. Jambo la pili ni usalama: saa hizo si za kuzurura Goma, na fundi anayepiga tochi kwenye mabomba usiku bila mtaa kujulishwa anaweza kudhaniwa mwizi, au akutwe na mabaya zaidi. Pasipo na amani ya kutosha, fanya kipimo alfajiri au mchana wa Jumapili wakati wa ibada, ukikubali kwamba hesabu haitakuwa safi sana.

Tuseme mita ya sekta imeandika meta 6 za ujazo kwa saa mbili hizo, valvu za nyumba zikiwa zimefungwa. Ni meta 3 kwa saa. Usikimbilie kuzidisha kwa 24. Bomba huvuja linapokuwa na maji tu. Kama sekta hupata maji saa 10 kwa siku, hasara ni kama meta 30 za ujazo, bidoni 1,500 kila siku. Sasa fuata valvu za ndani ya sekta. Zifunge moja moja, ukianzia ya mwisho kabisa na kurudi nyuma kuelekea mita, huku mwenzako akisoma mita na kuandika saa. Ukifunga valvu na mtiririko ukaanguka ghafla, tundu liko kwenye kipande ulichokitenga wakati huo.

Kinachobaki ni kusikiliza. Chukua fimbo ya chuma, ncha moja kwenye valvu au kwenye bomba, nyingine kwenye mfupa ulio karibu na sikio. Uvujaji wenye presha huzomea mfululizo, haupumui. Maji yanayotumika huanza na kukoma. Bomba la chuma hupeleka sauti mbali, la plastiki huimeza baada ya meta chache, kwa hivyo kwenye plastiki sikiliza kila kiungo cha nyumba na usiruke hata kimoja. Lava nayo hudanganya: maji yakianguka ndani ya uwazi wa mwamba, mlio unaweza kusikika meta kadhaa kutoka kwenye tundu lenyewe. Ukisikia sehemu mbili, amini ile iliyo kwenye bomba, si ile iliyo ardhini.

Siku nyingine utapata unyevu chini ya ukuta au majani mabichi katikati ya mawe mwezi Julai, mvua zikiwa zimekatika. Je, ni maji ya bomba au ni ya karo la jirani? Vidonge vya kupimia klorini vinasaidia: maji yakigeuka waridi, ni ya bomba. Yasipogeuka bado hujui, maana klorini hufa upesi ikigusa udongo. Kipimo kizuri zaidi kwetu ni cha upitishaji umeme, kile kidogo cha mkononi. Maji ya uso wa Ziwa Kivu yana madini mengi na husoma mikrosimensi 1,200 hivi kwa sentimita, ya mvua huwa chini mno ya hapo. Basi pima maji ya robine iliyo karibu, pima na yale uliyoyakuta. Namba zikikaribiana, chimba.

Kwa wanaodhani tundu dogo halina neno: tundu la milimeta 1 chini ya presha ya bar 3 hutoa karibu lita 1,000 kwa siku kama maji yapo saa zote. La milimeta 3 hutoa mara tisa ya hizo, bidoni 450 hivi. Bomba kubwa likipasuka barabarani linaonekana, watu wanapiga simu, linatengenezwa kesho yake. Tundu la milimeta 3 chini ya lava linakaa mwaka, na kwa mwaka limemwaga maji mengi kuliko ule mpasuko uliosumbua magari.

Bomba lilelile linapasuka mahali palepale

Kama umetengeneza sehemu moja mara tatu, acha kulaumu bomba. Uliza kinachotokea umeme unaporudi. Pampu zikiwashwa kwa ghafla kwenye mabomba yaliyojaa hewa, maji hukimbia bila kizuizi mpaka yagonge mwisho wa bomba au valvu iliyofungwa, na pigo hilo linaweza kuzidi mara kadhaa presha ya kawaida. Kiungo dhaifu ndicho kinachoachia. Anayesimamia pampu afungue valvu ya kutokea polepole, dakika nyingi, aache hewa itoke kwanza. Kazi hii haigharimu faranga hata moja, na inaokoa mabomba kuliko vipuri vyovyote.

Sababu ya pili ni namna bomba lilivyolazwa. Kuchimba lava ni taabu, kwa hiyo mabomba mengi yamewekwa juu juu, mengine yako wazi kabisa kando ya barabara. Plastiki ngumu ya PVC iliyoachwa juani hukauka na kuwa kama kigae, pikipiki ikipanda juu yake inavunjika. Iliyofukiwa na mawe yaleyale yaliyochimbwa hukatwa na makali ya lava kila lori likipita. Bomba lilazwe juu ya mchanga au pumisi laini (changarawe nyepesi ya volkano), lizungukwe na huo huo, ndipo mawe yarudishwe juu.

Sababu ya tatu ni tengenezo lenyewe. Tembea kando ya mabomba ya mtaa wowote utaona vilemba vyeusi: vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki vilivyofungwa kwa nguvu juu ya tundu, wakati mwingine tabaka juu ya tabaka. Maji yanapokuja mpira huvimba na kuvuja, maji yakiondoka hulegea. Utaona pia viungo ambavyo fundi aliupasha moto mwisho wa bomba juu ya babula ya makaa, akaupanua, akaingiza bomba la pili kwa kusukuma. Kiungo cha namna hiyo hushika kwa presha ndogo na kuachia kwa kubwa. Siwalaumu mafundi, kiungo cha kukaza au kibanio cha chuma huuzwa bei inayomshinda mwenye nyumba, na watu wanataka maji leo. Ila kamati inayokusanya pesa za maji iweke akiba ya vibanio vya vipimo vinavyotumika mtaani, kabla haijanunua kingine chochote.

Wasomaji wa Bukavu wana la ziada. Kule bomba likishuka kutoka juu ya Kadutu hadi chini, tofauti ya meta 60 inaongeza bar 6 peke yake, na nyumba za chini ndizo zinazopasukiwa. Valvu za kupunguza presha au matangi madogo ya katikati ya mteremko ndiyo dawa. Na uvujaji kwenye mlima wa udongo si wa kusubiri: maji hulainisha udongo, udongo huteleza, bomba hukatika na nyumba hushuka nalo.

Maji ya kwanza yana rangi au harufu

Hapa usisubiri kumaliza kusoma. Tundu linalotoa maji presha ikiwepo ndilo linaloingiza uchafu presha ikiondoka, na mabomba yetu hubaki bila presha kila siku. Kilemba cha mpira kilichozama kwenye maji ya choo kinanyonya maji hayo. Goma inajua kipindupindu: mnamo Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi waliokuwa wamekusanyika hapa, na tangu hapo ugonjwa haujaondoka kando ya ziwa hili.

Acha kuuza maji ya mwanzo, yaache yatoke mpaka yawe meupe, kisha pima klorini robineni. Chini ya miligramu 0.2 kwa lita, maji hayo yatiwe dawa nyumbani kabla ya kunywewa, na ofisi ya maji na ya afya zijulishwe siku hiyo hiyo. Ukipima robine kwa robine utaona pia mahali klorini inapoanguka ghafla. Uchafu unaingia kabla ya robine hiyo, na mara nyingi tundu liko hapo hapo.

Hakuna tundu, bado hesabu haifungi

Chukua robine ya jumuiya. Mita imeandika meta 12 za ujazo, daftari la mama linaonyesha bidoni 500 zilizouzwa, yaani meta 10. Meta 2 ziko wapi? Kabla ya kumshuku mtu, pima bidoni. Bidoni ya lita 20 ikijazwa mpaka mdomoni hubeba zaidi kidogo ya lita 20. Iweke kwenye mizani ya sokoni, toa uzito wa bidoni tupu, kila kilo ni lita. Kisha angalia maji yanayomwagika wakati wa kubadilisha bidoni, na yale ya kusuuzia kabla ya kujaza. Robine inayofunga kwa robo mzunguko, na mpira mfupi unaoingia ndani ya mdomo wa bidoni, hurudisha sehemu nzuri ya hayo. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kuulizia.

Mita za nyumbani huchoka kwa namna yake: zinasoma vizuri maji yakikimbia, haziyaoni yakitiririka. Tangi lenye boya lililofunga nusu huingiza maji kidogokidogo usiku kucha, na mita ya zamani haisogei. Ipime kwa lita 100 zilizopimwa kwa mizani, mara moja robine ikiwa wazi, mara nyingine ikiwa uzi mwembamba. Ikiandika 100 mara ya kwanza na 60 mara ya pili, imechoka. Nyumba zinazolipa kiasi kilekile kila mwezi bila mita hazina sababu ya kufunga robine, na hilo halitatuliwi kwa kuwasema.

Mabomba ya kificho yapo. Mengi hutobolewa kwa msumari wa moto, na hayo hayo huvuja kuliko yanavyoiba. Lakini kuanza kazi ya hasara kwa msako wa wezi ni kosa, kwa maoni yangu. Mtaa ukiona fundi anakuja na askari, hakuna tena atakayemwonyesha mahali panapovuja. Watangazie watu muda wa kujiandikisha kwa bei wanayoiweza, tengeneza kiungo chao vizuri, waweke kwenye daftari. Tangu sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilipofungua huduma hii kwa waendeshaji wengine mbali na Regideso, shirika la maji la serikali, mitaa kadhaa ina mabomba ya wenyewe wawili au watatu yanayopita sambamba, na bomba "la wizi" wakati mwingine ni la mtandao mwingine kabisa. Chora ramani kabla ya kukata.

Umetengeneza, namba haikushuka

Rudia kipimo cha usiku kwenye sekta ileile, kwa masharti yaleyale, ndani ya wiki moja baada ya kufukia. Ikiwa ulitegemea kuokoa meta 2 kwa saa na umeokoa nusu ya meta, usiamini upesi kwamba fundi alikosea. Ulipoziba tundu kubwa presha ya sekta nzima ilipanda, na matundu madogo yaliyokuwa yamelala yakaamka; kwenye plastiki mpasuko hutanuka kadiri presha inavyopanda, kwa hiyo huvuja zaidi ya hapo awali. Soma presha ya sekta. Kama imepanda kupita inayohitajika kwa robine iliyo juu kuliko zote, ishushe kwenye valvu ya kuingilia kidogokidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko, mtu akiwa kwenye robine ile ya juu na simu mkononi, na usimame pale anapokuambia bidoni inachelewa kujaa. Andika presha hiyo na idadi ya mizunguko ya valvu kwenye daftari, kisha anza tena kufunga kipande kimoja kimoja.